Mgeni Asiyejua Kuaga



Wasomaji wetu wapenzi, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia filamu, tamthilia na gemu kwa jicho la wapenzi wa mambo hayo. Uhakimu tunawaachia wenyewe. Tunatazama, tunacheza, tunabishana, kisha tunawaletea maoni yetu mpime. Na kila tunapotaja filamu, swali la kwanza linalotufikia ni lile lile: je, inafaa watoto? Ni swali la haki, na mzazi anayeliuliza anatimiza wajibu wake. Huangalia mavazi, maneno, damu inayomwagwa na imani inayohubiriwa kwa siri. Lakini swali hilo peke yake halitoshi. Iko katuni isiyo na neno hata moja la kukera, na bado imemmeza mtoto tangu alasiri hadi isha. Kwa hiyo juma hili tunapendekeza swali la pili la kuliambatanisha na la kwanza: je, kitu hiki kinajua kuaga?

Sisi watu wa pwani tunajua adabu za ugeni. Mgeni hupiga hodi, hukaribishwa, hula, huzungumza, na wakati wake ukifika huaga. Mgeni mwema huondoka mwenyeji angali anatamani abaki kidogo. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, na siku ya tatu wakamkabidhi jembe. Filamu, tamthilia na gemu nazo ni wageni wa sebule zetu. Baadhi yao wana adabu. Wengine wamefundishwa makusudi wasiage kamwe, kwa sababu kila dakika wanayobaki humletea fedha aliyewatuma.

Tuanze na mgeni mwema. Mwaka 1997 mwongozaji wa Kiirani, Majid Majidi, alitengeneza filamu inayojulikana duniani kwa jina la Children of Heaven, yaani watoto wa peponi. Ndiyo filamu ya kwanza ya Iran kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Kisa chake ni chepesi kiasi kwamba mtu huweza kukisimulia huku akikoroga chai. Mvulana wa Tehran aitwaye Ali amepeleka viatu vya dada yake Zahra kwa fundi, na njiani akirudi vinapotea. Baba hana fedha za kununua vingine. Watoto wanaafikiana kuificha siri hiyo: Zahra atakwenda shule asubuhi na raba za kaka yake, kisha atakimbia kurudi wakutane kichochoroni, abadilishane naye, ili Ali awahi masomo ya mchana. Baadaye Ali anasikia habari za mashindano ya mbio ambayo zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya raba. Hataki kuwa wa kwanza. Anataka kuwa wa tatu tu.

Tunaipenda filamu hii kwa sababu nyingi. Hakuna mtu mbaya ndani yake. Mbaya ni ufukara, na hata huo haukusimuliwa kwa kilio. Baba yao anavunja sukari ya msikitini nyumbani kwake, na binti yake anapomletea chai isiyo na sukari anaomba aletewe ya kwao, kwa kuwa ile aliyo nayo mbele yake ni amana. Lakini hapa tunaisifu zaidi kwa mwisho wake. Ali anashinda mbio, anakuwa wa kwanza, na kwa ushindi huo anakosa viatu alivyomwahidi dada yake. Anarudi nyumbani kimya, anaitumbukiza miguu yake yenye malengelenge ndani ya hodhi, na samaki wanaizunguka. Sisi watazamaji tumekwisha kuona kwenye baiskeli ya baba jozi mpya za viatu. Ali hajui. Na filamu inaaga papo hapo.

Haijapita hata saa mbili, na skrini imenyamaza. Ndipo kazi ya kweli inapoanza, kwa maana mtoto aliyeitazama hawezi kunyamaza. Atauliza baba atafika lini, kwa nini Ali asimwambie mama, na kama yeye angekubali kuvaa viatu vya kaka yake. Filamu imeondoka na imeacha mazungumzo mahali ilipokaa. Hicho ndicho kipimo tunachokitumia sisi: kazi nzuri hupima urefu wa mazungumzo inayoyaacha nyuma, na kazi duni hupima urefu wa muda iliomshika mtu.

Wala si lazima kazi iwe fupi ili iwe na adabu. The Message ya Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab nchini Syria aliyefanya kazi yake Marekani, ilitolewa mwaka 1976 na inachukua karibu saa tatu. Akkad alipiga filamu mbili sambamba zenye kisa kimoja: ya Kiingereza, ambamo Anthony Quinn ni Hamza, na ya Kiarabu, ambamo nafasi hiyo imeshikwa na Abdullah Gaith. Mtume (s.a.w.) haonekani wala sauti yake haisikiki. Wahusika huielekea kamera, na mtazamaji akajua ni nani anayezungumzishwa. Wako wanaompenda Quinn kwa uzito wa sura yake. Sisi tunamchagua Gaith, kwani maneno yale yakisemwa kwa Kiarabu huwa yamerudi kwao. Kwa familia yenye watoto, tunashauri itazamwe kwa siku mbili, na mahali pazuri pa kukata ni Waislamu wanapokuwa wamefika Madina. Wazee wetu waliozoea picha za Kihindi katika majumba ya sinema ya Mombasa watalielewa jambo hili bila maelezo. Picha ilikuwa na mapumziko ya katikati. Taa ziliwashwa, watu wakanyoosha miguu, wakanunua karanga na soda, wakabishana juu ya yatakayompata shujaa. Yale mapumziko yalikuwa sehemu ya starehe yenyewe.

Sasa tuje kwa mgeni mwenye sifa nyingi na adabu nusu. Tamthilia ya Kituruki Diriliş: Ertuğrul ilianza kurushwa na televisheni ya TRT 1 mwezi wa Desemba 2014, ikamalizika Mei 2019, baada ya misimu mitano na vipindi 150. Tunajua ni nyumba ngapi zinazoienzi, nasi tunaipenda: farasi wake, mahema yake, mabaraza ya wazee, heshima anayopewa mama, na dua inayoombwa kabla ya upanga kuchomolewa. Katika soko lililojaa mashujaa wasiomheshimu mzazi yeyote, Ertuğrul ni faraja. Ila tuseme kweli: kila msimu unapoanza tayari tunajua kuna msaliti hemani, na maadui wake huwa wabaya mno hata hawatishi tena. Isitoshe, mtoto asiipokee kama kitabu cha tarekhe. Mambo thabiti ambayo wanahistoria wanayajua kuhusu Ertuğrul ni machache mno. Mojawapo ni sarafu ya mwanawe Osman inayomtaja kuwa ni baba yake. Mengi ya yaliyobaki ni kazi ya waandishi.

Lakini tupige hesabu. Kipindi kimoja cha asili kinakaribia saa mbili. Vipindi 150 ni kama saa 300. Anayetazama saa moja kila usiku, bila kukosa hata usiku mmoja, atahitaji miezi kumi. Na kila kipindi kinakatwa pale pale upanga ulipoinuliwa au kikombe chenye sumu kilipofika mdomoni. Hapo mtazamaji huachwa mguu mmoja ukiwa hewani, naye hawezi kulala bila kuushusha. Huo ni ufundi wa zamani wa wasimulizi, na hata wasimulizi wa mahekaya waliujua. Tofauti ni kwamba msimulizi wa zamani alichoka, akaenda kulala. Mashine haichoki.

Kwa tatizo hilo tuna dawa ndogo. Usizime mwisho wa kipindi, kwa sababu mwisho wa kipindi si mwisho wa jambo. Ndipo mtego ulipotegwa. Endelea dakika chache katika kipindi kinachofuata, mpaka upanga ushuke na watu waketi tena kunywa maji, kisha uzime hapo. Mahali pa utulivu ni rahisi kuaga. Tamthilia ile ile, ikikatwa kwa mkono wa mwenye nyumba badala ya mkono wa mwandishi, huwa mgeni mwingine kabisa.

Kwa wadogo tunapenda katuni ya Malaysia iitwayo Upin & Ipin, iliyoanza mwaka 2007 kwa visa vifupi vya mwezi wa Ramadhani. Ni mapacha mayatima wanaolelewa na bibi yao na dada yao mkubwa katika kijiji cha minazi ambacho mtoto wa Kwale au wa Lamu atakitambua mara moja. Wanajifunza kufunga, wanapigania chakula cha futari, wanakaripiwa na dada, wanambembeleza bibi. Kisa kimoja ni kifupi, kina mwanzo, kati na mwisho. Kwa nini basi mtoto aliyeomba kisa kimoja hukutwa amekwisha kutazama kumi na viwili? Sababu haimo ndani ya katuni. Imo katika programu inayoirusha, ambayo hufungua kisa kinachofuata yenyewe kabla mtoto hajapumua. YouTube na Netflix zote zina mpangilio wa kuzuia jambo hilo. Ni kitufe kimoja tu, na kukizima hakugharimu chochote. Katuni ikiisha, skrini itulie, na anayetaka nyingine aje aombe. Kule kuja kuomba ndiko kuaga kwenyewe. Mtoto ameinua macho, ameiona sebule, amemwona mama yake.

Tukiingia katika gemu, jambo linakuwa zito zaidi, kwani hapa kuna fedha. Mchezo wa asili wa baraza zetu ni bao. Lina kete 64 na mashimo 32, huanza kwa namua na huishia kwenye mtaji, na mtu akimalizikiwa na kete za safu yake ya mbele amefungwa. Hakuna ubishi, na hakuna mahali pa kulipa ili kete ziongezeke. Wazee wanaweza kucheza tangu alasiri, ni kweli, lakini kila mchezo una kifo chake, na adhana ikilia huwakuta watu ambao tayari wana mahali pa kusimama.

Gemu ya kandanda ambayo vijana wetu wanaiita FIFA, na ambayo tangu mwaka 2023 inauzwa kwa jina la EA Sports FC, nayo ina adabu hiyo katika mechi yenyewe. Mechi ni dakika chache, kipenga hulia, mmoja ameshinda na mwingine ana udhuru. Hata vile vibanda vya mitaani ambako vijana hulipia mechi moja moja, na ambavyo wazazi wengi huvinung'unikia, vina jambo moja jema: kuna mwenzako nyuma yako anasubiri zamu, naye hatakuacha uzeekee pale. Mpira wenyewe umetengenezwa kwa ustadi mkubwa, na furaha ya ndugu wawili wanaoshindana kwenye mkeka mmoja hatutaibeza.

Tatizo linaitwa Ultimate Team. Ni sehemu ya gemu hiyo, iliyoanza mwaka 2009, ambamo mchezaji huunda timu yake kwa kufungua pakiti za kadi. Pakiti inaweza kununuliwa kwa sarafu zinazopatikana kwa kucheza, au kwa pointi zinazonunuliwa kwa fedha halisi. Anayenunua hajui atamtoa nani. Anaweza kupata nyota, na mara nyingi zaidi atapata wachezaji asiowahitaji. Mwaka unaofuata gemu mpya inatoka, na timu ile aliyoihangaikia haihami naye. Mwezi wa Aprili 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya namna hii, pamoja na yale ya FIFA 18, yanavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo, na Januari 2019 kampuni ikaacha kuuza pointi hizo nchini humo. Nako Marekani, Desemba 2022, tume inayolinda wanunuzi ilitangaza kwamba Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, watalipa dola milioni 245 za kuwarudishia wachezaji, kwa kuwa vitufe vilipangwa kwa namna iliyowafanya watu wanunue bila kukusudia.

Hukumu ya kifiqhi tunawaachia wanavyuoni wetu. Sisi tunasema tunachokiona kama wachezaji. Mkono unaofungua pakiti na moyo unaodunda kabla kadi haijageuka ni mkono ule ule na moyo ule ule wa anayeweka ubashiri wa mechi kwenye simu yake. Tunaishi katika nchi ambayo vijana wengi wamepoteza karo na mitaji kwa ubashiri huo. Mtoto wa miaka kumi aliyezoea kusema "labda pakiti inayofuata" amekwisha kujifunza sentensi nzima ya kamari, na alijifunzia sebuleni kwetu, kwa simu ya mzazi wake, tukimsifu kwamba ametulia. Hili ndilo linalotufanya tuandike juma hili kwa sauti nzito kuliko kawaida yetu.

Msomaji makini atatuuliza: je, kila kisicho na mwisho ni kibaya? Na Minecraft je? Hatuna budi kukiri kwamba gemu hiyo ya Uswidi, iliyotolewa rasmi mwaka 2011, ni hoja dhidi yetu. Ulimwengu wake hauna mpaka ambao mtoto ataufikia, na bado tunaipenda. Lakini tuangalie mtoto anachokifanya mle. Anajenga nyumba, na nyumba huisha. Ana paa la kuezeka, na paa likikamilika huita watu waje waone. Gemu haikumpa mwisho, ila imemwachia nafasi ya kuuweka mwisho wake mwenyewe, na kujiwekea mwisho ni elimu kubwa. Basi mzazi asiulize tu "umecheza saa ngapi?" Aulize, "leo unajenga nini, na utakapokimaliza utanionyesha?" Swali la kwanza humfanya mtoto mfungwa anayehesabu dakika. La pili humfanya fundi mwenye kazi ya kukabidhi.

Tunajua pia kwamba watoto si wao tu wasioagwa. Baba anayepekua video fupi fupi mpaka usiku wa manane, na mama aliye katika kipindi cha tisini cha tamthilia, hawawezi kumfundisha mtoto kuaga kwa maneno. Mtoto husoma mikono ya wakubwa kabla ya kusikia ndimi zao. Nyumba ambayo simu za wote, wakubwa kwa wadogo, huwekwa juu ya kabati kuanzia magharibi mpaka isha haina haja ya hotuba ndefu.

Kwa muhtasari, tunapendekeza mambo manne kwa juma hili. Zimeni kitufe kinachofungua kipindi kinachofuata chenyewe. Katika akaunti ya gemu ya mtoto, wekeni kikomo cha matumizi kuwa sifuri, na namba ya siri ya fedha za simu isijulikane na asiye mwenyewe. Mtoto akitaka kununua kitu, aje aseme ni kitu gani, nanyi mkatae chochote ambacho yeye mwenyewe hajui kilichomo ndani. Mnapokata tamthilia, kateni mahali pa utulivu. Na usiku mmoja, chagueni kazi moja yenye mwisho, mwitazame nyote pamoja, babu na bibi wakiwemo, kisha mzime na mkae dakika kumi bila kuwasha kingine. Dakika hizo kumi ndizo tunazozigombania. Ndani yake mtoto husema jambo ambalo hangelisema hata mngemhoji mwezi mzima.

Juma lijalo, inshaAllah, tutazungumzia Lion of the Desert, filamu nyingine ya Akkad, ya mwaka 1981, kuhusu Omar Mukhtar wa Libya, mwalimu wa Qur'ani aliyepigana vita hadi uzeeni. Nayo ni ndefu. Atakayetangulia kuitazama na familia yake aiandae hoja yake, kwani sisi tunaona Oliver Reed, aliyecheza jenerali wa Kiitaliano, ameifanya kazi ngumu kuliko Quinn mwenyewe, na tunajua hamtatukubalia kwa urahisi.

Wabillahi tawfiq.